Zebaki iliyomo katika televisheni na kompyuta mbovu: jibu kwa fundi wa Mwanza

Msomaji wetu, fundi wa televisheni na kompyuta jijini Mwanza, ameuliza mambo matatu. La kwanza, amefuatwa na mtu anayetaka kununua televisheni za chogo kwa bei kubwa mno, kwa madai kwamba ndani yake mna "mekyuri nyekundu", yaani zebaki nyekundu inayosemwa kuwa na nguvu za ajabu. Anataka kujua kama madai hayo yana ukweli. La pili, kila anapobadilisha taa za nyuma za televisheni bapa, hutupa tyubu nyembamba za zamani pamoja na takataka za kawaida, na nyingine humvunjikia mezani. Karakana yake imepakana ukuta kwa ukuta na chumba anacholala na mke wake, ambaye ni mjamzito. La tatu, kama tyubu hizo ni sumu kweli, azipeleke wapi?

Ndugu fundi, nianze na huyo mnunuzi, kwa kuwa uvumi wake ndio unaowafanya watu wengi wapasue vitu visivyo na zebaki huku wakivipuuza vile vilivyo nayo. Televisheni ya chogo haina mekyuri nyekundu. Misombo myekundu ya zebaki ipo, na maarufu zaidi ni ile ya zebaki na salfa iliyotumika tangu kale kama rangi, lakini haimo ndani ya televisheni, redio wala cherehani, na haina nguvu yoyote ya ajabu. Uvumi huu umezunguka nchi nyingi. Mwaka 2009 uliikumba Saudi Arabia, watu wakagombea cherehani kuukuu za Singer kwa maelfu ya riyali wakiamini kwamba sindano zake zina dutu hiyo, na polisi wakalazimika kuingilia kati kuchunguza ulaghai huo. Waliouza cherehani zao mapema walipata faida, na waliobaki nazo walibaki na cherehani.

Kilichomo katika televisheni ya chogo ni risasi, iliyochanganywa na kioo kinene cha nyuma ili kuzuia miale, na katika seti kubwa uzito wake unaweza kuzidi kilo moja. Ndani ya kioo hicho hamna hewa, kwa hiyo anayekipiga nyundo ovyo anaweza kurushiwa vipande usoni. Upande wa ndani wa uso wa kioo umepakwa unga mweupe unaong'aa unapopigwa na miale, na unga huo haufai kuvutwa puani. Mnunuzi wako akishaondoka na shaba iliyo shingoni, na bila shaka ataichukua, atakuachia kioo chenye risasi uwanjani. Mwambie hapana.

Zebaki unayopaswa kuihofia iko kwenye meza yako mwenyewe. Televisheni bapa za kizazi cha kwanza, pamoja na kompyuta za mezani na za mapajani za wakati huo, hazikutumia taa za LED nyuma ya kioo. Zilitumia tyubu za kioo nyembamba kuliko mrija wa kunywea soda, zinazowashwa na inveta, yaani bodi inayopandisha umeme, kwa umeme unaoweza kuvuka volti elfu moja. Unazifahamu vizuri: zina kofia za mpira kwenye ncha, waya mbili zilizochomelewa, na mara nyingi ncha zake zimegeuka nyeusi kwa kuchakaa. Katika kompyuta ya mapajani huwa ni tyubu moja tu iliyojificha chini ya ukingo wa kioo ndani ya bati jembamba, na bati hilo likipindishwa kidogo, tyubu inakatika. Katika televisheni kubwa zimepangwa kama mbao za kitanda nyuma ya karatasi nyeupe za kutawanya mwanga, nazo zinaweza kufikia kumi, kumi na mbili au hata zaidi.

Kila moja ina miligramu chache za zebaki, kwa kawaida kati ya tatu na kumi. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa mwanga. Bila zebaki taa ya aina hii haiwaki, na ndiyo maana usimwamini mtu anayekuuzia tyubu ya namna hiyo akidai kwamba haina zebaki. Kati ya mwaka 2009 na 2013 hivi, viwanda vilihamia kwenye LED, ambazo hazina zebaki kabisa. Kwa hiyo, ukifungua seti ukakuta bodi ya inveta yenye transfoma ndogo kadhaa na waya nene za volti kubwa zikielekea kwenye kioo, jua kwamba umefungua kifaa chenye zebaki. Watengenezaji wengi pia wamebandika nyuma ya kifaa onyo dogo lenye herufi Hg, ambazo ni alama ya kikemia ya zebaki. Herufi hizo zina manufaa kwako kuliko maandishi mengine yote yaliyo kwenye lebo hiyo.

Tyubu za aina hii hazipo kwenye televisheni peke yake. Skana, mashine za zamani za fotokopi na za faksi huwa na tyubu moja chini ya kioo. Taa za projekta zina zebaki nyingi zaidi, nazo zikipasuka zikiwa za moto mvuke hutoka mara moja, hivyo chumba kiachwe wazi na watu watoke. Taa za tyubu za dukani na zile za enaji seva za nyumbani ni za ukoo huo huo. Baadhi ya friza kuukuu za mlango wa juu zina swichi ya taa iliyo na tone zima la zebaki, ambalo ni kiasi kikubwa sana ukilinganisha na tyubu zako. Simu za mkononi, kwa upande mwingine, huna haja ya kuzihofia kwa jambo hili. Hatari yake iko kwenye betri, na hiyo ni mada nyingine.

Sasa rudi kwa mnunuzi wako kwa hesabu ndogo. Ukichukua wastani wa miligramu nne kwa tyubu, utahitaji tyubu 250 kupata gramu moja ya zebaki, na tyubu 250,000 kupata kilo moja. Tena zebaki hiyo haiko kama tone unaloweza kulimimina. Nyingi imenasa kwenye unga na kwenye kioo chenyewe. Nasema haya kwa sababu uko Kanda ya Ziwa, ambako zebaki ina soko kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na kwingineko, na nimewahi kusikia vijana wakishauriana kuvunja tyubu ili wawauzie wachimbaji. Watakachovuna ni mvuke mapafuni mwao.

Hatari yenyewe imeeleweka vibaya kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaodhani kwamba kugusa kipande cha tyubu iliyovunjika ni kifo, na wapo wanaokumbuka jinsi walivyochezea zebaki ya kipimajoto wakiwa watoto na hawakudhurika, wakahitimisha kwamba ni porojo. Ukweli ni kwamba zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka bila kuingia mwilini. Mvuke wake ukivutwa, kiasi cha asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo na hukusanyika kwenye figo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo pua yako haitakuonya.

Chukua chumba cha mita tatu kwa nne chenye dari ya mita mbili na nusu, yaani mita 30 za ujazo. Kama miligramu nne zote za tyubu moja zingegeuka mvuke kwa mkupuo katika chumba kilichofungwa, kila mita ya ujazo ingekuwa na mikrogramu 130 hivi, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa anayovuta mtu mwaka mzima ni mikrogramu moja. Kwa bahati nzuri haigeuki kwa mkupuo. Sehemu ndogo hutoka mara tyubu inapovunjika, na iliyobaki hutoka polepole kwa siku nyingi kutoka kwenye unga ulioanguka sakafuni, kwenye nyufa za meza na kwenye mkeka. Hapo ndipo lilipo tatizo la fundi, tofauti na la mteja ambaye tyubu yake imevunjika mara moja maishani. Wewe huvunji tyubu moja. Unavunja kidogo kidogo mwaka hadi mwaka mahali pale pale, na unga unaojikusanya chini ya meza haupumziki. Joto huzidisha mambo: kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba karibu kinaongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, na karakana iliyoezekwa bati haina nyuzi 20 saa nane mchana.

Kuhusu mke wako sitazungukazunguka. Mvuke wa zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ubongo unaojengwa huathirika kwa kiwango ambacho mtu mzima hatakihisi. Ukuta usiofika kwenye bati hauzuii mvuke. Kabla hujasoma mahali pengine popote, hamisha kazi ya kufungua vioo itoke hapo, iende kwenye banda la nje lililo wazi pande mbili au chini ya mti, na zile nguo zako za kazi zisiingie chumbani. Mama asifagie karakana, na asifue nguo hizo. Kama karakana imetumika kwa kazi hii kwa muda mrefu, mwambieni mhudumu wa kliniki ya wajawazito, ili ashauri kama kipimo kinahitajika. Zebaki ya mvuke hupimwa zaidi kwenye mkojo. Tyubu moja iliyovunjika wiki iliyopita haistahili kuwanyima usingizi. Ninachotaka kikome ni mazoea.

Wewe mwenyewe jiangalie. Mtu anayevuta mvuke kidogo kidogo kwa miaka huanza na mambo anayoweza kuyasingizia uchovu: usingizi kukatika, hasira za haraka, kusahau, vidole kutetemeka anaposhika chuma cha kuchomelea, fizi kuvimba. Fundi ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kwenye kazi ndogondogo asikimbilie kununua miwani. Aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi anafanya kazi gani, kwa sababu daktari asiyeambiwa hatafikiria zebaki.

Tyubu ikivunjika, watoto na mama watoke kwanza, feni izimwe, milango na madirisha yafunguliwe, na wewe pia utoke nje kwa dakika kumi. Ukirudi usishike ufagio. Ufagio huchanachana na kutawanya unga, na mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi kwa sababu inapasha moto na kupuliza mvuke chumba kizima. Vaa glovu, kusanya vipande kwa kadi mbili za boksi ukizitumia kama koleo, kisha bandika selotepu juu ya unga na chembe ndogo na kuibandua mpaka pawe safi, umalizie kwa karatasi ya chooni yenye maji. Vyote hivyo, pamoja na glovu, viingie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kusokota. Chupa ya jemu inafaa sana. Mfuko wa plastiki hauzuii mvuke wa zebaki, hata ukiufunga mara tatu. Chumba kiachwe wazi saa kadhaa. Sakafu ya saruji yenye nyufa chini ya meza yako ningeshauri izibwe, kwa kuwa huwezi kuisafisha ukaimaliza.

Tyubu nzima ni rahisi zaidi kuliko zilizovunjika, na karibu kila ninachokushauri kinalenga kuzifanya zibaki nzima. Mafundi wengi hukata waya kwa koleo karibu kabisa na kioo, na hapo ndipo tyubu hupasuka. Vua kofia ya mpira kwanza, kata waya mbali na ncha, kisha telezesha tyubu bila kuipinda. Kwa kuhifadhia, kipande cha bomba la maji la plastiki chenye kizibo kila upande ni sanduku zuri kuliko lolote utakalonunua: weka gazeti lililokunjwa chini, panga tyubu, jaza gazeti juu ili zisicheze, ziba. Andika nje kwa herufi kubwa kwamba ni taka hatari yenye zebaki, pamoja na tarehe uliyoanza kulijaza. Liwekwe kivulini, mbali na jiko na mahali watoto wanapochezea, kwa sababu watoto huzipenda tyubu hizi na hupigana nazo kama panga.

Kuna njia tatu za kuzitupa ambazo nimeziona mara nyingi na zote ni mbaya. Kuzichoma ndiyo mbaya kupita zote: zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 tu, na moto wowote wa taka unafika huko, kwa hiyo chote kilichokuwa ndani ya kioo kinapanda na moshi kwa wakati mmoja. Kuzitupa kwenye choo cha shimo au kuzifukia uani ni kuisogeza zebaki karibu na kisima. Kuzipeleka dampo la Buhongwa kwenye gari la taka za kawaida maana yake ni kwamba zitavunjwa na mashine au na mikono ya wanaookota chupa, watu ambao hawakupata hata senti moja ya faida ya matengenezo yako.

Zebaki inayopanda hushuka. Ikifika kwenye maji na tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, na hii ndiyo sura yake iliyo hatari zaidi, kwa kuwa hufyonzwa na kila kiumbe na haitoki upesi. Dagaa huibeba kidogo, samaki mla dagaa huibeba zaidi, na samaki mkubwa anayewinda wengine, kama sangara katika ziwa letu au papa baharini, hubeba jumla ya wote. Huko Minamata nchini Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki ya namna hii kwenye ghuba kwa miongo kadhaa. Ugonjwa ulitangazwa rasmi Mei 1956, paka wa wavuvi wakiwa wameanza kutetemeka na kufa kabla ya watu, na watoto wakazaliwa na ulemavu kwa mama walioonekana wazima. Sidai kwamba tyubu zako zitafanya hivyo kwenye Ziwa Victoria. Kinacholitisha ziwa kwa zebaki kwanza ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi duniani cha zebaki inayoingia hewani. Lakini ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 inakadiria kwamba tani 58 za zebaki hupotelea kwenye mazingira kila mwaka kutokana na vifaa vya umeme visivyokusanywa inavyotakiwa, na tani hizo zimetoka kwenye miligramu za watu kama mimi na wewe.

Zipelekwe wapi, basi? Tanzania ina kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki pekee, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na kanuni hizo zinataka anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizo awe na kibali. Anayetunza orodha ya wenye vibali ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko jijini kwako Mwanza. Nenda ukaombe majina ya wakusanyaji wanaopokea taa zenye zebaki, kwa sababu wengi wana kibali cha kuchukua bodi na nyaya na hawataki tyubu. Hapo nchi jirani wamepiga hatua: Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre, na Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka hizi huko Bugesera. Hata hivyo usizibebe mwenyewe kuvuka mpaka. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kuvuka mipaka, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2025, unataka taka zote za kielektroniki ziombewe ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa.

Mkusanyaji akija, usiridhike na kibali kilichobandikwa kwenye gari. Muulize tyubu zinakwenda wapi baada yake. Kiwanda kinachojua kazi kinavunja taa ndani ya mashine iliyofungwa, inayovuta hewa kupitia kaboni iliyotiwa salfa ili zebaki inaswe, kisha kioo, vyuma na unga vinatenganishwa. Mtu asiyeweza kueleza hayo hata kwa maneno ya kawaida, au anayesema "tunavunja tunauza kioo", mnyime. Wanunuzi wengi watataka bodi zako zenye dhahabu na shaba bila tyubu, na hapa ndipo una nguvu ya kujadiliana: wauzie vyote pamoja au usiwauzie. Fundi mmoja akisema hivyo watacheka, lakini mafundi wa mtaa mzima wakiweka mabomba yao mahali pamoja na kuuza kwa sharti hilo, mkusanyaji atapiga hesabu upya.

Kwa maoni yangu mzigo huu si wako kwa haki. Aliyeleta televisheni nchini alipata faida yake bandarini, na ndiye anayepaswa kugharimia mwisho wake. Kanuni za namna hiyo, zinazomtaka mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa kubeba gharama, Kenya imezitangaza mwaka 2024, na nadhani sisi pia tunahitaji kuona kanuni zetu zikigeuka kuwa pipa la kukusanyia lililopo kwenye kila soko la vifaa vya umeme. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na wanachama wa mkataba huo wamekubaliana kusitisha utengenezaji na uingizaji wa taa za enaji seva mwaka 2025 na taa ndefu za tyubu kufikia mwisho wa 2027. Kwa hiyo tyubu mpya zitapungua, huku za zamani zikimiminika kwenye meza za mafundi kwa miaka mingi ijayo, maana wenye nazo watahamia LED wote kwa pamoja.

Lipo jambo hukuliuliza, nami nalitaja kwa sababu linakuhusu kila siku. Mteja anayekuachia seti yake ya zamani baada ya kuona bei ya matengenezo amekukabidhi na zebaki iliyomo. Unaweza kukataa, lakini seti hiyo itaishia kwa muuza vyuma chakavu, naye ataivunja kwa nyundo. Ni afadhali uipokee, uifungue kwa utulivu siku ambayo huna haraka, utoe tyubu nzima uzitie kwenye bomba, na umtoze mteja kiasi kidogo cha kuhifadhi, ukimweleza sababu na kumwonyesha ile lebo yenye herufi Hg nyuma ya televisheni yake.